Skrini Tatu, Kipimo Kimoja

4 Machi

Mvua imeanza. Bati la ofisi linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya meza ileile, na ndoo iliyowekwa ni ileile yenye ufa. Hii ndiyo ofisi iliyopewa kazi ya kuwaonya watu kwamba maji yanakuja.

Nimenunua daftari hili kwa sababu nikiendelea kuyameza ninayoyaona hapa nitapasuka. Mimi ni fundi wa kompyuta, mwaka wa kumi na moja sasa. Mtoni tuna vipima maji vitatu: cha Juu, cha Darajani na cha Bondeni. Vyote hutuma kina cha maji kwenye kompyuta moja yenye skrini moja, na programu yake, kazi ya mtu mvivu, huonyesha kituo kimoja tu kwa kila skrini. Basi mwenye zamu anabofya Juu, anaandika. Anabofya Darajani, anaandika. Anabofya Bondeni, anaandika. Baada ya nusu saa anaanza tena. Maji yakivuka mstari wa hatari, ukurasa wa kituo hicho hugeuka mwekundu, lakini usipoufungua huuoni.

Nimeomba kadi ya michoro, ile inayochomekwa ndani ya kompyuta ili ipeleke picha tofauti kwenye skrini kadhaa. Skrini tatu, kila kituo na yake. Barua ina kurasa mbili. Mkuu atasoma mstari wa kwanza.

5 Machi

Kasoma mstari wa kwanza.

7 Machi

Kaniita. Alikuwa anakata kucha juu ya barua yangu.

"Fundi, hii kadi ni ya nini?"

"Ya kuendesha skrini tatu, mkuu."

"Skrini si tunazo? Stoo zimejaa."

"Tunazo. Lakini kompyuta ina tundu moja tu la picha."

"Basi chomeka zote hapohapo."

Nikamweleza taratibu, kwa sauti ninayotumia kwa wagonjwa. Akasikiliza mpaka alipoona bei, kisha akaacha kusikiliza. Akasema atamwachia mtu wa ununuzi aangalie kitu cha gharama nafuu. Mtu wa ununuzi tunamwita Risiti, maana hata salamu hapokei bila karatasi.

Niseme na langu, kwa kuwa hapa nasoma peke yangu. Kadi niliyoomba ni kubwa, ya feni mbili, ya watu wanaocheza michezo ya vita. Kwa kuonyesha namba tatu haihitajiki hata robo yake. Niliiandika hivyo kwa makusudi. Nimechoka kuomba vitu vidogo kwa watu wadogo.

10 Machi, Jumapili

Nimeshinda Bondeni kwa Mama. Anaishi na mdogo wangu wa kike na mume wake, nyuma ya duka la huyo mume. Magoti ya Mama yamekataa kabisa. Kutoka kitandani hadi mlangoni anasimama mara tatu.

Shemeji anauza vipuri vya kompyuta vilivyotumika. Duka lake ni kaburi la mashine, na yeye kajifunza kazi kwa kufungua zilizokufa. Leo nimefanya kosa la kumsimulia habari za kadi.

"Shemeji, kwa namba tu unahangaika na likadi la michezo?" akasema. "Chukua zile za maofisini. Fupi, haina hata feni, haina kelele, ina matundu manne madogo. Makampuni wakibadilisha kompyuta wanazitupa. Mimi ninayo moja hapo ndani, na waya zake. Bei yake hata mkuu wako hataguna."

Nikamwambia nitafikiria. Sikufikiria. Ofisi ya umma ifungwe kitu kilichotolewa kwenye boksi la mabaki, kando ya sufuria la mke wake?

Jirani yao fundi viatu kanishonea buti la mvua lililopasuka. Mshono mnene kama wa gunia. Nikamwuliza kama kashona kwa kamba ya ng'ombe, akacheka, akasema, "Bosi, lakini maji hayaingii." Mama akanifokea kwa kumsema vibaya mbele ya watu.

15 Machi

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

18 Machi

Mvua. Mkuu kapeleka gari la ofisi likaoshwe.

21 Machi

Risiti kaleta "mtambo". Ni kiboksi cheusi kinachotosha kiganjani: tundu moja la kuingilia, matatu ya kutokea. Kinachukua picha moja na kuirudufu. Ukiunga skrini tatu utapata picha ileile mara tatu. Kinafaa baa, watu waone mpira kutoka kila kona.

"Muuzaji kaniambia moja inaingia, tatu zinatoka," Risiti akasema, kifua mbele. "Na risiti hii hapa."

Nikageuka kwa Mkuu. "Mkuu, hiki si..."

"Fundi." Akainua mkono. "Wewe kila kitu unakipinga kwa sababu hukukinunua wewe. Likadi lako lile lingekula bajeti ya robo mwaka. Mwenzako kaokoa fedha. Funga, tuone."

Watu wanne walikuwepo. Mmoja akacheka kwa pua.

Nikasema, "Sawa, mkuu."

22 Machi

Nimefunga. Skrini tatu ukutani, zote zinaonyesha kituo cha Juu: mita moja na sentimita arobaini, mita moja na sentimita arobaini, mita moja na sentimita arobaini. Nilisimama nikisubiri mtu mmoja tu, mwenye macho mawili, aseme neno.

Mkuu akasema, "Mto umetulia kote." Watu wakapiga makofi.

Halafu Risiti akaja na vibandiko alivyochapisha kwa herufi kubwa, JUU, DARAJANI, BONDENI, na akavibandika juu ya kila skrini, pale pale ambapo programu huandika jina la kituo kwa herufi ndogo. Kilichokuwa kimebaki cha kuwaambia ukweli wamekifunika kwa gundi.

Na kubofya kumekoma. Mkuu katangaza kwamba kazi ya kubofya imepitwa na wakati. Bibi Daftari, mwandishi wa zamu, ambaye kwa miaka yote alikuwa akiwapigia simu walinzi wa vipima maji ili kulinganisha namba, kakatiwa salio la simu la ofisi. Walinzi wamehamishiwa kazi ya kufyeka nyasi.

Bodi inakuja tarehe 30 Aprili kuzindua. Nimeamua nitakaa kimya hadi siku hiyo. Watakapokaa wote kwenye viti vya kitambaa, na Mkuu akiwa katikati ya hotuba, nitanyoosha kidole kimoja na kubofya mara moja, nao wataona Juu, Darajani na Bondeni zikigeuka pamoja. Sitasema chochote. Nitamwachia yeye aeleze.

Si kwamba sina akili. Programu nimeiacha kituo cha Juu, nao watakaa wakiitazama hiyo, lakini mimi mwenyewe nitapita kila baada ya saa chache kubofya Bondeni. Mama yuko huko.

23 Machi

Hakuna aliyegundua.

25 Machi

Hakuna aliyegundua. Nimeanza kula vizuri.

29 Machi

Mgeni kutoka ofisi ya mkoa kauliza kwa nini vituo vitatu vina namba moja. Mkuu akajibu, "Tumeoanisha mitambo." Mgeni akaandika kwenye kijitabu chake: mitambo imeoanishwa. Nilitoka nje nikacheka mpaka mlinzi wa getini akaniuliza kama nimefiwa.

2 Aprili

Mvua. Buti halivuji. Mshono ni mbaya vilevile.

6 Aprili

Shemeji kapiga simu. Ile kadi bado anaiweka, hajamwuzia mtu. "Nimeifuta vumbi, nimeijaribu na skrini tatu hapa dukani, inapeta." Nikamjibu kwamba ofisi ilishapata mtambo. Akasema hongera, na akaonekana kufurahi kweli. Watu wengine Mungu kawanyima hata wivu.

11 Aprili

Leo nilipokuwa nabofya Bondeni, Bibi Daftari alikuwa nyuma yangu na kikombe chake. Ni mama wa makamo aliyebakiza miaka miwili ya kustaafu, anaandika kwa kalamu ya risasi na kufuta kwa mkate mkavu. Sijawahi kumwona akigusa kompyuta ila kwa kitambaa cha vumbi.

"Baba," akasema, "mbona ukibofya zote zinageuka?"

"Ni marekebisho tu, mama."

Akazitazama kwa muda. "Na hata usipobofya. Mimi nakaa nazo kutwa. Zinapumua pamoja."

Katika nyumba nzima ya wasomi, mwenye macho ni yeye. Nilisikia kama nimeibiwa. Siku zangu kumi na tisa zilizobaki, hotuba ya Mkuu, kile kidole kimoja, vyote vilikuwa mdomoni mwa bibi mmoja mwenye kalamu ya risasi.

"Ndiyo teknolojia ilivyo, mama," nikamwambia. "Zimeunganishwa."

"Haya. Kama wewe umesema." Akarudi kukaa. Kalamu yake niliisikia ikikwaruza.

14 Aprili

Mvua siku nzima. Juu, mita mbili kasoro. Bondeni, mita mbili na nusu. Mstari wa hatari ni mita nne. Sijaenda kwa Mama, barabara tope tupu.

19 Aprili

Mkuu anajifunza hotuba yake ofisini, mlango wazi. "Macho matatu yasiyolala." Kaitaja mara sita.

22 Aprili

Nimepeleka kitambaa kwa fundi cherehani. Koti. Siku ya tarehe 30 sitaki kusimama mbele ya Bodi na shati la kola iliyokunjamana. Nitakuwa mtu pekee mwenye akili chumbani na nataka nionekane hivyo.

24 Aprili

Naandika haya jioni nikiwa sakafuni kwangu, chumba kimejaa watu.

Asubuhi nilibofya saa nne. Bondeni, mita mbili na sentimita themanini. Nikarudisha Juu. Saa sita nikaenda kwa fundi cherehani kujaribu koti. Mvua ikaanguka kwa namna ambayo sijaiona mwaka huu, upande wa vilima vya chini, ule unaolisha kijito kinachoingia mtoni chini ya daraja. Fundi cherehani akasema nisitoke, nitaharibu kitambaa. Nikakaa. Nikanywa chai yake. Akanibana mabega, akanigeuza kwenye kioo, na nilijitazama, Mungu anisamehe, nikajiona mtu.

Nilirudi saa tisa na nusu. Chumba cha skrini kilikuwa kimya kabisa. Ukutani kulikuwa na mita moja na tisini, mara tatu. Bibi Daftari alikuwa ameandika safu nzima: shwari, shwari, shwari. Mkuu alikuwa mlangoni na hotuba yake.

Nikabofya Bondeni.

Ukuta mzima ukawa mwekundu. Mita nne na sitini. Mita nne na sitini. Mita nne na sitini.

Mkuu akapiga kelele, "Mto mzima! Mto mzima!"

"Ni Bondeni," nikasema. "Zote ni Bondeni. Zimekuwa kitu kimoja tangu mwezi uliopita!"

Hakuna aliyesikia sentensi ya mwisho. Risiti alikuwa anatafuta namba ya kampuni iliyouza kiboksi. Bibi Daftari ndiye aliyekwenda kwenye king'ora. Hakukimbia, alitembea kama mtu anayejua kitu kilipo, akavuta mpini wake chini. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Kumbukumbu za kompyuta zinaonyesha maji yalivuka mstari saa saba na dakika tano.

Nilikimbia. Koti nililisahau mwilini. Kwenye mteremko maji yalikuwa yamefika kwenye kibao cha barabara, rangi ya chai ya maziwa, yanavuta viti, majani, mlango mzima na kitasa chake. Watu walikuwa wamepanda ukuta wa shule. Niliita jina la Mama, si "Mama", jina lake, ambalo sijawahi kulitamka kwa sauti.

Mdogo wangu nilimwona kwanza, kakumbatia sufuria, ndani ya sufuria kuna dawa za Mama. Hakunisalimia. Akanyoosha mkono kuelekea dukani.

Shemeji alikuwa anakuja kutoka upande wa duka, maji kifuani, Mama mgongoni kafungwa kwa waya. Waya za skrini, ndefu, nyeusi, kazizungusha kiunoni kwa Mama na kifuani kwake, kwa sababu mikono yake alihitaji kushikia ukuta. Mama alikuwa kafumba macho na anamwambia kitu sikioni. Nilipowafikia nilimsikia: "Weka chini, mwanangu, pumzika." Akimwambia yeye.

Tulimtoa. Shemeji akageuka kurudi.

"Unakwenda wapi?" nikamshika.

"Fundi viatu. Alikuwa anainua mashine yake."

Watu watatu walimzuia. Alilia kama mtoto, mbele ya watu, na mimi nilisimama karibu yake nikiwa na koti jipya.

25 Aprili

Fundi viatu hajaonekana. Shemeji katoka tangu alfajiri.

26 Aprili

Hajaonekana. Mama anakohoa. Wako kwangu wote watatu. Nilivua buti baada ya kutwa ya tope, ndani kukavu.

27 Aprili

Bodi imekuja kabla ya siku yake. Hakuna viti vya kitambaa. Mkuu kasema hakuna mtu aliyemweleza kwamba kiboksi kinarudufu picha. Katika maisha yake ya uongo hili ni kweli: hakuniacha nimalize, nami sikurudia. Risiti katoa risiti. Mwenyekiti wa Bodi akauliza nani aligundua, wakanionyesha mimi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema laiti ofisi ingekuwa na watu wawili kama mimi.

Nimewadharau watu hawa miaka kumi na moja. Nilipotazama ule mkono ukitikisika, niliona kwamba hakuna hata mmoja wao aliyejua. Mkuu hakujua kwa kiburi, Risiti hakujua kwa ujinga. Aliyejua ni mmoja tu.

Nilimkuta Bibi Daftari akifuta meza ambayo haina vumbi.

"Kosa ni langu, baba," akasema. "Niliona zinapumua pamoja. Ningempigia mlinzi wa Bondeni kwa salio langu mwenyewe. Sasa wewe nawe walikudanganya, ungejuaje?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema, mlango umefungwa, tuko wawili. Nikamwambia asijilaumu. Na hata hilo nililisema kwa sauti ya upole, ile ya wagonjwa.

29 Aprili

Fundi viatu kapatikana, chini ya daraja dogo. Mashine yake bado iko juu ya kabati dukani kwake. Aliifikisha.

1 Mei

Tumemzika leo mchana. Nilivaa buti.

2 Mei

Shemeji kaja ofisini. Getini walidhani ni mtu wa kuomba msaada. Matope hadi magotini, shati la kuazima, langu. Akatoa kitu ndani ya mifuko mitatu ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine.

"Ndiyo ile," akasema. "Siku ile niliitia kifuani kabla sijamfunga Mama. Sijui kwa nini. Dukani hakuna kingine kilichobaki."

Kadi ndogo, urefu wa kiganja, haina feni, ina matundu manne madogo. Kakaa sakafuni, kafungua kompyuta, kaichomeka, kaunga waya. Ni waya zilezile. Hakuna aliyemwambia afute matope kwanza. Haikumchukua hata nusu saa.

Skrini zikawaka moja moja. Nikafungua kila kituo kwenye yake, nikabandua vibandiko. Juu, mita moja na ishirini. Darajani, mita moja na sabini. Bondeni, mita mbili na kumi. Namba tatu, vituo vitatu, kwa kitu ambacho kilikuwa umbali wa simu moja tangu tarehe 10 Machi.

Bibi Daftari akasogea, akazitazama sana. "Haya sasa," akasema. Akachonga kalamu.

Nikamwuliza shemeji bei. Akatikisa kichwa. Tulipokuwa tunatoka akanishika bega, yeye ananishika mimi, akasema, "Usijitese, shemeji. Nakuona hulali. Hukujua. Ungejua ungesema."

3 Mei

Mvua imekatika. Bodi inataka taarifa ya maandishi: lini hitilafu ilijulikana, na nani. Nimeandika rasimu tatu. Zote nzuri, zote zinaanza na Mkuu.

Halafu nikalisoma daftari hili tangu mwanzo. Nilidhani nimeandika habari za wapumbavu. Ukurasa baada ya ukurasa kuna mtu mmoja tu ninayemchukia humu, na mwandiko ni wake. Rasimu nimezichana. Kesho nitaipelekea Bodi kurasa hizi kama zilivyo, na tarehe zake, Bibi Daftari azinakili.

Lakini Bodi si wa kwanza. Mama kalala. Shemeji kaenda Bondeni kuchota tope kwenye duka la jirani yake, kwa mjane, kabla ya lake. Atarudi kabla jua halijazama, na atakaa palepale anapokaa, mwisho wa meza, penye kikombe cha bluu.

Nimekiweka kikombe. Nikimaliza mstari huu nitaliweka daftari kando yake, wazi, kwenye tarehe 22 Machi.